Fanta Aliyokunywa Baba

Alhamisi, 18 Desemba 2003

Nimepita! Nimepita, nimepita! Mimi Joëlla, muuguzi mwenye diplome! Jina langu liko ukutani. Nimelitazama mpaka mlinzi wa shule akaniuliza kama nangoja lishuke.

Baba amefunga duka lake la vitenge, mtaa wa Asiatique, kabla ya saa sita — na hata mabomu ya Julai hayakumfungisha lile duka! Amesema Jumamosi tunakula kwa Fatouma, mgahawani kule mtaa wa Buyenzi, familia nzima. Kwa Fatouma! Kule hakuna menu. Unakula kilichotoka ziwani na mashambani siku hiyo. Ukitaka kuku wa kukaanga anakuambia kuku wamekwenda Ulaya. Sasa hivi ni giza la mwezi, ndagala zinajaa mitumbwini. Mvua imeleta uyoga. Maembe yameiva. Nitakula mpaka nibebwe.

Jambo moja tu linanikaba. Melchior.

Ijumaa, 19 Desemba

Sijalala. Melchior ni wa Kinama. Sisi ni wa Nyakabiga. Katikati kuna mto Ntahangwa tu, na Baba hajauvuka tangu tisini na tano, tangu tulipomzika kaka yangu Valéry, aliyeuawa vita vya kikabila vilipotenganisha mitaa hii miwili. Hamtukani mtu. Anasema tu: ng'ambo ile sina kazi. Miaka miwili nampenda Melchior, na Baba hajui hata kama yupo duniani.

Anayejua ni Shangazi Concilie, dada yake Baba. Mdomo mkubwa, moyo mkubwa zaidi. Mpango ni wake: kesho Melchior apite pale na baba yake mdogo, mzee Télesphore, wanipongeze, Baba amwone sura. Basi! Hakuna zaidi! Nimemwapisha Shangazi. Ameapa huku anacheka. Sikukipenda kile kicheko.

Jumamosi, 20 Desemba

Ee Mungu wangu! Niandike kwa mpangilio.

Tulikaa mezani saa kumi, ili kila mtu awe kwake kabla ya couvre-feu, ile amri ya kutotoka usiku. Fatouma akaleta ndagala za leo leo, zimekaangwa zinalia mdomoni. Uyoga. Lengalenga, mchicha wetu, kwa mawese. Ugali wa muhogo, moto! Baba akajimwagia pilipili. Mbele ya watu huwa anaongeza, kwa kiburi tu.

Melchior akaingia. Shati jeupe! Nyuma yake mzee Télesphore, kofia mkononi. Na nyuma yao — kreti ya Fanta. Kwa Fatouma pombe haiingii, ni nyumba ya Kiislamu, basi mzee kaja na Fanta. Nikamtazama Shangazi. Shangazi akatazama dari.

Kila Mrundi anajua. Mzee akiweka vinywaji mbele ya baba wa msichana, akasimama kusema, hizo si pongezi. Anashika irembo, lango la nyumba: anaomba kijana wake aruhusiwe kuja kuposa. Na baba wa msichana hagusi chupa kabla ya kujibu. Akinywa, amekubali.

Mzee akafungua chupa moja, akaiweka mbele ya Baba, akaanza. Mababu, ng'ombe, mvua. Anasema vizuri yule! Baba akaganda. Alikuwa ameshaelewa. Namjua: alikuwa anatafuta maneno ya kukataa bila kumwaibisha mtu mzima. Lakini mdomoni alikuwa na tonge, na ndani ya tonge ile pilipili yake.

Macho yakajaa machozi. Jasho. Mkono ukaenda wenyewe. Akaibugia Fanta mpaka nusu!

Fatouma alisimama na sahani zake.

— Amekunywa! Shangazi akapiga kigelegele. Amekunywa, mi nimeona na macho yangu!

— Apana! Baba anakohoa. Ni pilipili! Na hii ni Fanta, haiko pombe!

— We, ndugu yangu, Shangazi akasema, kwa ndoa ya Mawazo nani alisema Fanta inashika irembo sawa na bia ya Primus? Haikuwa we?

Ilikuwa yeye! Binamu Mawazo ni mlokole, hakutaka pombe, na msemaji wa upande wetu alikuwa Baba. Saa nzima aliitetea Fanta. Hotuba ile inasifiwa hadi leo. Mama akaficha uso kwenye kitenge chake, mabega yanaruka.

Mzee Télesphore, muungwana kabisa, akasema: mi pilipili siioni, naona chupa tu. Lakini mukubwa ajibu wakati moyo umetulia. Kesho saa tisa tutakuja kwenu. Akaigeuza kofia mkononi. Akasema miguu yake nayo haijafika Nyakabiga tangu ile miaka.

Baba akamtazama Melchior, akamtazama tena. Halafu:

— Na huyu mutoto, hakuli? Ndagala zinapoa.

Tulicheka mpaka basi. Melchior akala kama mtu anayesahihishwa mtihani. Mimi sikumaliza hata embe, mimi niliyetaka kubebwa! Nampenda Melchior, nampenda Baba, nawaogopa wote wawili.

Jumapili, 21 Desemba

Saa nane na nusu. Wanakuja saa tisa. Tangu misa Baba hajasema ndiyo wala hapana. Amejifungia bafuni, maji yanamwagika, lakini haogi. Anafanya mazoezi ya hotuba! Mimi na Mama tuko nje, masikio mlangoni, naandikia gotini.

Ameanza: "Wageni wetu." Amekohoa. Kisha amemtaja Valéry, polepole, na sauti ikakatika. Mama amenishika mkono kwa nguvu.

Anaanza upya. "Majirani zetu wa ng'ambo." Apana, anajiambia, apana. Anamwaga kata ya maji. Anasafisha koo.

"Wakwe—"

Mama ameniziba mdomo kwa kitenge chake, nisije nikapiga kigelegele kabla wageni hawajafika.