Pete Nilizozichemsha kwa Maji ya Pumba

Tumpe, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Una wazimu? Umesoma mpaka ughaibuni, halafu unanipigia simu kuniambia Jumatatu unapeleka barua ya kuacha kazi, eti mikono yako ni michafu! Mikono hiyo nimeiosha mimi tangu una meno mawili. Salamu baadaye. Soma kwanza, maana juzi kwenye simu nilikata makusudi. Nilisingizia mtandao. Mtandao ulikuwepo. Elimu yangu ya darasa la nne unaijua, lakini haya nimeyaandika mwenyewe, na dada wa dukani ataipiga picha barua hii akutumie leo.

Unakumbuka ulivyokuja Bujonde wakati tunavuna mpunga? Ulikuwa umetoka kiwandani kuchukua pete zako sita za udongo mweupe, ukapitia kwangu kabla ya kurudi maabara. Ulikaa jikoni umevua viatu. Nikakuuliza, "Kwani hasa unatengeneza nini, redio?" Ukacheka mpaka ukamwaga chai.

"Siyo redio, bibi. Ni bomba dogo linalokaa kwenye setilaiti, na pete hizi ndizo za kuliunga. Sauti ikipanda mpaka huko juu inafika imechoka. Hili linaitia nguvu irudi chini."

"Na ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Hata hewa tunaitoa yote. Ikibaki kidogo tu, bomba linakufa."

Nikakwambia, mtu mzima na vyeti vyake anahangaika kutengeneza kitu kisicho na kitu! Ukanijibu polepole, "Bibi, nataka watu wa kijijini kwenu Ikombe wapige simu bila kupanda mlimani." Hapo nikakuongezea chai. Dada yangu alipofariki kule, habari zilinifikia ameshazikwa. Wewe ulikuwa darasa la tatu, ulinishikilia kanga njia nzima kwenye mtumbwi tukienda kuhani msiba. Sikujua kama ulikuwa unayaweka moyoni.

Kesho yake ulikwenda Kyela mjini kukata tiketi ya basi la Mbeya. Nami nikafungua kopo lako la pete.

Ulikuwa umeniambia pete zisiguswe, umeshazisafisha. Nilisikia vizuri, sikuwa kiziwi. Lakini mimi ni mtoto wa mfinyanzi wa Ikombe, nani wa kunifundisha udongo? Kwetu chungu kipya hakipikiwi kabla hakijachemshiwa maji ya pumba za mpunga, ili vitundu vyake vizibe kisivuje. Nilizigonga pete zako kwa kucha, zikalia vizuri. Nikasema, moto wameupata, ila hawa watoto wamesahau pumba. Nikazichemsha zote sita. Nikazianika kwenye ungo mpaka zikawa nyeupe kama ulivyozileta, nikazifunga katika ile karatasi ya kung'aa kwa mikunjo yako ileile. Uliporudi ukasema, "Ndaga, asante bibi, umenitunzia." Nami nikaitikia!

Jumapili nikajigamba kwa akina mama wa kwaya kwamba chombo cha angani kina mkono wangu.

Uliponipigia kusema pampu imevuta hewa siku nne na bado pete zinatoa uchafu mkizipasha moto, nilijua hapohapo. Nikakuuliza umekula nini. Ulipopiga tena ukasema mkuu wako amekusema mbele ya wenzako kwamba uliziosha ovyo, nikakwambia umwombe Mungu. Mimi! Mwizi anamfariji aliyemwibia. Na wewe nilikuchapa ukiwa na miaka sita kwa kukana sukari uliyoilamba. Nimeukumbuka ule ufito, Tumpe. Nimeukumbuka kila siku tangu simu ile.

Sikukosa nafasi ya kukwambia. Niliogopa utaniona mshamba, bibi wa kuchekwa. Nikaona afadhali wewe uonekane mzembe kuliko mimi nionekane mjinga. Huo ndio ukweli, na hauna pa kujificha.

Jana nimewaeleza akina mama yote. Mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo bibi, umetuzimia setilaiti?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikawaacha wacheke. Aliyestahili kuchekwa siku zote hizi ni mimi, siyo wewe.

Kwa hiyo, hiyo barua ya kuacha kazi ichane. Jumatatu ingia kwa mkuu wako, mpe hii yangu, na ukimtafsiria Kiswahili changu usinipunguzie. Pumba ziite pumba. Simama mbele yake mpaka amalize kuisikiliza, kisha akuombe msamaha au asikuombe, wewe agiza pete nyingine. Zikitoka kiwandani zipeleke moja kwa moja maabara. Bujonde usizipitishe.

Bibi yako, mkosaji