Nilisimama Dakika Arobaini, Nikapiga Mara Moja

Bibi Klementina, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya tarehe thelathini ya mwezi huu, maana siku hiyo natakiwa kutia saini karatasi niliyoitamani kwa miaka mingi na mkono umekuwa mzito, na binamu yangu Shaibu, ambaye kila wiki huupiga picha ukurasa wako wa gazetini akanitumia, amesema kama kuna mtu wa kunisema bila kunionea haya ni wewe.

Mimi naitwa Harithi, mtoto wa Malolo, Ruangwa, nina miaka thelathini na tisa na naishi Ujerumani. Kazi yangu ni kupiga vyombo, yaani kila kinachogongwa kwa fimbo au kwa mkono, na naifanya sehemu mbili: katikati ya wiki niko kwenye okestra ya watu themanini wanaopiga muziki wa Kizungu wa zamani, mimi nimesimama nyuma kabisa na ngoma, matoazi, kengele na pembetatu ya chuma, halafu Ijumaa na Jumamosi napiga jazi na wenzangu watatu, na hapo chombo changu ni vibrafoni, ambayo ni kama marimba lakini ya chuma, ina mabomba chini yake, ukiigonga sauti haifi upesi, inabaki hewani ikitetemeka, na unashika fimbo nne, mbili kila mkono. Sina malalamiko, Bibi, naamka asubuhi nina hamu ya kazi, na hilo lenyewe naona haya kulisema nyumbani kwa sababu kila anayenipigia simu huanza kwa kunipa pole.

Aliyenifundisha kupiga ni bibi yangu mzaa mama, Bi Mwantumu, ndiye aliyenilea. Tulikuwa tunalinda karanga zisiliwe na ngedere, yeye anapanga mbao juu ya vigogo viwili vya mgomba, anakaa upande huu na mimi ule, tunagonga kwa kupokezana mpaka ngedere wahame, na nikikosea ananigonga vidole kwa fimbo ileile, kidogo tu. Tangu hapo sijachukua hatua kubwa bila neno lake, nilipokwenda chuo Bagamoyo nilimwuliza, nilipopata nafasi ya kuja huku nilimwuliza, akasema nenda, akaendelea kupepeta.

Sasa kosa langu ni hili, kwamba miaka yote hii nimekuwa nikimwambia kwenye simu kuwa huku mimi ndiye ninayeongoza ngoma, wakati kweli nilikuwa naitwa tu pale mpigaji mwenyewe akiumwa, mpaka mwaka jana waliponichukua kwa majaribio, na sasa wameridhika, wanataka nibaki mpaka kustaafu. Onyesho la mwisho la majaribio lilirekodiwa nikamtumia Shaibu, na wewe nimekutumia. Katika muziki ule nasimama dakika arobaini nikihesabu, napiga matoazi mara moja, basi, na ni pigo gumu kuliko yote niliyowahi kupiga, kwa sababu ukikosea hesabu umewaharibia watu themanini, na siku ile lilikaa mahali pake mpaka kiongozi wetu akanitazama akatabasamu. Shaibu akaiweka kwenye runinga, bibi yangu akaalika wenzake, wakajaa sebuleni. Shaibu anasema hata nusu haijafika mzee mmoja akauliza, "Mwantumu, huyu wako ndiye mlinzi wa hao wengine?" Ndipo wakanipigia, simu imewekwa spika.

"Mume wangu," akasema Bibi, "wamekunyima kazi hao? Umesimama kama mkwe aliyekosea nyumba."

Nikacheka, ndio utani wetu mimi na yeye. Akasema, "Rudi. Huku hata mgeni wa ngoma anapewa debe agonge." Nikasikia watu wanacheka. Nikamwambia, Bibi, kuna karatasi ya kazi nataka kusaini, nakuomba neno lako. Akasema, "Saini ya nini, ya kusimama?" Wakacheka zaidi, nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima. Hii ni wiki ya tano sijampigia.

Ningeweza kumtumia nikipiga vibrafoni, angeona mikono yangu inavyokwenda, lakini jazi tunapiga kwenye baa, chupa ziko mezani mbele yangu, na yeye ni mtu wa swala tano, sijawahi kumwambia Ijumaa jioni huwa niko wapi. Je, nisaini bila neno lake, au niache yote nirudi?

Harithi, Ujerumani


Marahaba, Harithi. Doreen, anayenisomea na kuniandikia, amenisomea barua yako mara mbili, na katikati ilibidi anywe maji maana wewe hupumziki. Mimi sikwenda shule lakini nasikia vizuri, na nilichosikia ni hiki: ulimficha bibi yako mahali mikono yako inapofanya kazi, ukamwonyesha mahali inapongoja, halafu ukanuna kwamba hakuiona kazi.

Ulimwambia unaongoza ngoma. Kwetu anayeongoza ngoma hapati hata nafasi ya kufuta jasho. Mama wa watu akaalika wenzake, najua alivaa kanga mpya, najua alikaa mbele, na huyo mwanamume wake amesimama kama mwimo wa mlango. Ulitaka aseme nini? Aibu ile ilikuwa yake kabla haijawa yako, akaifanyia utani isimkae kooni. Wewe ungekuwa pale ungemwona uso. Hukuwa pale, ulisikia vicheko tu.

Na Bi Mwantumu, kama ukurasa huu unasomewa huko Malolo, na wewe nina lako. Utani wa bibi na mjukuu ni halali yako, hata mimi wangu nawachezea mpaka wanakimbia. Lakini ukimtania mjukuu aliye mbali, zima spika kwanza.

Tuje kwenye hiyo video. Nilimwambia Doreen aiweke tukakaa nayo jikoni, mimi namenya karanga. Dakika ya kumi nikasema, "Huyu mtoto wamemsahau." Doreen akasema, "Bibi, subiri." Baadaye wakakuonyesha kwa karibu, nikaona midomo yako inacheza kidogo kidogo. Nikasema, "Tazama, anahesabu huyo." Kuanzia hapo nikaacha karanga, nikawa nakungoja wewe, hao wengine sikuwaona tena. Ulipoyainua yale matoazi nikabana pumzi, na ulipopiga, ungo ulinitoka mapajani. Nikamwambia Doreen arudishe. Akarudisha lile pigo peke yake, na halikuwa kitu, kama sufuria imeanguka. Ikabidi tuanze mwanzo, dakika zote arobaini, ndipo likaja tena.

Hilo ndilo hukumweleza bibi yako. Hesabu iko kichwani mwako, nani ataiona akiwa sebuleni Malolo? Ungemwambia mapema, Bibi, nasubiri zamu moja tu na nikiikosa nimewaangusha wote, angewanyamazisha wale wazee mwenyewe, na yule wa mlinzi angetolewa nje.

La baa sikufichi. Mwambie wewe kabla Shaibu hajamwambia, maana aliyeweka simu spika siku ile hawezi kukaa na siri mpaka korosho zianguke. Atakusema, na atakusema sana. Kaa usemwe. Sisi kwetu ni Wakristo na pombe ipo, lakini mwanangu mmoja alinificha miaka miwili alikokuwa anapiga gitaa, na nilipojua sikukasirikia chupa, nilikasirikia kufanywa mjinga. Kama hunywi, mwambie hunywi. Kama unakunywa, hiyo ni barua nyingine, na usiniletee mimi.

Sasa swali lako. Kurudi, toa kichwani. Mtu anayeamka ana hamu ya kazi harudishwi nyumbani na mzaha wa sebuleni. Na huko kuona haya kwamba una furaha, acha. Mtu akikupa pole mwambie asante, mimi mzima, kazi naipenda, uone kama kuna atakayelazwa. Umefanya nini kibaya? Umekwenda mbali ukapata kitu unachokiweza. Wako waliokwenda mbali wakakosa hata hicho, na wako waliobaki hapa nao wamekikosa.

Lakini kusaini ukiwa umemnunia, hapana. Siyo kwamba neno la bibi ni sheria ya serikali. Ila nakujua bila kukuona: utaisaini, utaiweka kabatini, na kila ukiinua hayo matoazi utasikia watu wanacheka. Kazi ya mpaka kustaafu haianzwi hivyo.

Fanya hivi. Kesho mchana nenda kwenye chumba mnachofanyia mazoezi, peke yako, na hiyo vibrafoni yako. Mwambie Shaibu ampelekee bibi simu ya picha na yeye atoke nje. Msalimie kwa adabu. Mwombe radhi kwa uongo wa kuongoza ngoma, kwa maneno machache, na usianze kulia maana ataanza na yeye na vocha itaisha. Mwambie la baa. Akuseme mpaka amalize, usijitetee. Halafu weka simu mahali itakapoonyesha mikono, ushike fimbo zako nne umpigie, siyo kidogo cha kuonjesha, mpigie mpaka yeye ndiye aseme basi. Ndipo umwombe neno lake, na umwombe kwa sauti ya mjukuu, siyo ya mtu aliyeonewa.

Akisema nenda, saini siku hiyohiyo. Tarehe thelathini ya nini, umeshangoja vya kutosha.

Akisema tena rudi, mwulize, "Bibi, nirudi kufanya kazi au nirudi unione?" Hayo ni mambo mawili, na bibi hawezi kuyatenganisha mbele ya wageni. Ukiona ni la pili, kata tiketi ya likizo na umtajie siku, siyo "nitakuja inshallah" hiyo mnayotuambia kila mwaka. Siku yenyewe, na mwezi wake. Halafu saini.

Na akikataa kabisa kuishika simu, mwambie Shaibu anipigie mimi. Nitatoka hapa Marambo na bodaboda, nitapita Ruangwa nitafika Malolo nina vumbi mpaka kwenye nyusi, nitakaa naye mabibi wawili kwenye mkeka, na siondoki mpaka neno lako litoke. Nitalala hapohapo ikibidi, ugali ninaokula ni kidogo. Lakini magoti yangu hayaipendi bodaboda, Harithi, na barabara ile nayo unaijua. Usinifikishe huko. Mpigie bibi yako.

Bibi Klementina, Marambo