Tone Moja la Mafuta

Jumapili, 18 Septemba 2022
Leo nimeifungua mashine ya marehemu baba, ile ya kujazia baruti upya kwenye maganda ya risasi. Kila Septemba kabla ya msimu. Masizi tele! Nimefuta kwa kitambaa kikavu, grisi kidogo kwenye maungio, tone moja la mafuta kwenye nguzo inayopanda na kushuka. Moja tu. Kisha sabuni hadi viwikoni, ndipo niguse fataki, vile vifuniko vidogo vya kuwasha baruti. Baba alikuwa akininusa vidole kwanza.
Verlin kapita, eti nisimalize grisi yake. Yake! Miaka thelathini na moja ya ndoa namjazia mume wangu risasi, na hapa mjini yeye ndiye fundi.

Jumatano, 21 Septemba
Kibali cha Verlin cha kuwinda kiko kwenye mlango wa friji tangu Mei. Kulungu mkubwa dume wa milimani. Kakiomba miaka kumi na minane, na kwa umri wake hakuna mara ya pili. Sasa anataka kujaza mwenyewe, ili akimwangusha aseme ni kwa risasi ya mkono wake. Nikasema sawa. Si sawa.

Jumamosi, 24 Septemba
Nimeingia gereji na chai. Verlin na ndugu yake Dell wanaipulizia mashine mafuta ya kopo, yale ya bawaba za mlango! Yanachuruzika hadi mezani, na sahani ya fataki iko wazi palepale. Nikapiga kelele: funika, mafuta yanaua fataki! Dell akacheka. "Shemeji, wewe funika sufuria zako." Na Verlin naye akacheka. Hapo ndipo paliponiuma.
Wamejaza thelathini. Nne wakapiga uani, zote zikalia. "Umesikia, mwalimu?" Dell akaniuliza. Nimesikia. Mafuta hayaui papo hapo, yanapenya polepole. Wao wameweka ishirini kwenye kasha, sita wakaziacha mezani.

Jumatano, 28 Septemba
Nilichukua zile sita nikaenda shimo la changarawe. Tatu zimelia. Tatu — tik. Kila moja nikaisubiri nusu dakika, isije ikachelewa kulia, mtutu ukielekea udongoni, kama baba alivyonifunza. Kimya.
Alipotoka kazini nikamwambia. Kwa upole! Akaniangalia usoni. "Umezishikashika wewe, na vidole vyako vya siagi." Mimi! Ninayenawa mpaka ngozi inapasuka!
Nimemchukia. Naandika hivyohivyo: nimemchukia.

Alhamisi, 29 Septemba
Nimeosha mashine yote kwa spiriti. Nimekausha. Tone moja. Nimejaza ishirini. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 30 Septemba
Saa tisa alasiri. Gari linanguruma uani, Dell yuko ndani. Makasha mawili kwenye meza ya jikoni, yanafanana, ila moja lina jina VERLIN kwa kalamu nene.
Huko wanakokwenda, wiki iliyopita dubu alimfuata mwindaji hadi kwenye mnyama aliyemuua. Dubu hangoji ujaribu risasi ya pili.
Nikizibadilisha kimyakimya hatajua. Atarudi na pembe, atasimulia mpaka kaburini alivyojaza mwenyewe. Na mimi nibaki na siagi yangu. Nikimwambia tena atakataa, maana Dell anasikiliza. Nikinyamaza —
Honi.
"Noreen! Lete kasha langu, giza litatukuta njiani!"
Sikumpelekea; nimekwenda gereji, nimerudi. Zake nimezimwaga zote kwenye ndoo ya maji. Nilisikia zikigonga chini, moja moja, na sikujuta hata kidogo. Kasha langu nimeliandika NOREEN, herufi kubwa, pande zote nne na kwenye kifuniko. Achukue hilo, au aende mikono mitupu. Nataka alichukue mbele ya Dell.
Naandika haraka, mwandiko huu sijui kama nitausoma.
Mlango wa gari. Viatu vyake kwenye ngazi. Anauliza kwa sauti kama nimelala —