Kidole Chini ya Hina

Hewa Bora, Alhamisi

Yaya mpendwa Yasmine, dada yangu mkubwa,

Nisamehe nikitanguliza jambo hili, maana nikianza na salamu nitaogopa na kuishia hapo hapo: nilipiga kura. Sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Sasa assalam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, pamoja na shemeji na mtoto, na homa iwe imewaacha. Sisi tunapumua. Goti la mama linamsumbua, baba ni yuleyule. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani inakaa mfukoni mwa baba. Mama Chilufya, anayetuletea samaki kutoka huko kwenu Kasenga, amekubali kukupa mkononi.

Unajua baba ndiye kiongozi wa chama katika avenyu yetu, ndiyo maana wanamwita Prezida. Safari hii chama kiliukataa uchaguzi. Baba alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wabaki ndani, vyumba vya kura vikae vitupu na wakubwa waone aibu. Ng'ambo ya barabara, watu wa chama kingine waliamshana kwa filimbi waende. Vijana wetu walikaa kwenye kona kutazama vidole vya wapita njia, na mwenye wino walimzomea hadi mlangoni kwake.

Mimi nilikuwa na kadi mpya ya mpiga kura. Baba mwenyewe alinisindikiza kuichukua, kwa sababu bila hiyo huna kitambulisho chochote. Unanijua, yaya. Shuleni nilikuwa yule anayejua jibu na hanyanyui mkono. Siku ya kura mama alinituma kwa shangazi kusaidia arusi ya Asha, nami nikapitia kwenye ile shule walikokuwa wanapigia. Nyuma ya ile katoni ya kumkinga mpiga kura asionekane, hakuna aliyeniambia niseme kwa sauti. Walinisubiri tu nijibu. Niliyemchagua hata wewe sikuambii.

Wakanitia wino kwenye kidole cha shahada. Kwa shangazi nikawakuta wanapaka hina nyeusi, nikaomba ncha zote za vidole zijazwe. Shangazi akacheka, akauliza bibi arusi ni mimi au ni Asha.

Baada ya arusi vijana wa kona walikuja kwa baba. Walisema mtu wa parsele yetu, wa humu ndani ya ua wetu, alionekana kwa mbali akitoka kupiga kura, na sasa watu wa ng'ambo wanaimba kwamba Prezida ameshindwa kuchunga hata uani kwake. Baba akatupanga sote ukutani, sisi na wapangaji, tuonyeshe mikono. Alipofika kwangu hata hakuitazama. Aliwaambia, “Huyu anaogopa hata kuku!” Wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Kisha akafika kwa Papa Godefroid, fundi wa magari aliyepanga ile nyumba ndogo baada ya wewe kuolewa. Vidole vyake ni vyeusi mwaka mzima kwa oili. Wakamwambia anawe. Alinawa kwa sabuni, akasugua kwa mchanga, kucha zikabaki nyeusi, na vijana wakapiga kelele kwamba wino ndio ule. Baba alijua ni oili. Nilimwona usoni kwamba anajua, lakini alikuwa anahitaji mtu wa kuwapa. Akamwambia ahame kabla ya Ijumaa. Mke wake, Mama Deborah, ana mimba kubwa.

Bado sijakuambia lililo zito zaidi. Papa Godefroid aliniona. Siku ile alikuwa amelala chini ya gari bovu mbele ya shule, na nilipotoka nikipuliza kidole kikauke, macho yetu yalikutana. Kwa hiyo pale ukutani alikuwa na jina la kumpa baba. Walimsukuma, mmoja akamwambia arudi kwao Kongolo, yeye aliyezaliwa hapa na ambaye babu yake alikuja na reli. Alijibu tu kwamba siku ile alikuwa kazini.

Jana nilimkuta kwenye bomba. Nilitaka kusema kitu, akaniwahi. “Nyamaza, mutoto wangu. Miye nitapata nyumba ingine. Weye utapata baba mwingine wapi?”

Afadhali angenitukana. Sasa hivi wanafunga vitu vyao, na mama amenituma kumsaidia Mama Deborah. Ananishukuru kwa kila sufuria ninayofunga kwenye kitenge. Nimetoka kidogo nikumalizie barua. Baba amesimama getini na wale vijana. Nikisema, watamgeukia yeye, na atakalonifanyia mimi silijui. Nisiposema, mkokoteni umekwisha kufika. Nimepita mbele ya baba mara kadhaa nimebeba mizigo yao, na kila mara ameniambia niangalie nisianguke.

Msalimie shemeji, umbusu mtoto. Mama anasema ukipata nafasi uje.

Usimwambie mtu, yaya, hata shemeji, maana yeye na baba huongea kwa simu. Najua ninachokuomba: nakuomba na wewe uwafukuze watu hawa pamoja nasi. Nakuomba hivyo hivyo. Nitunzie siri hii.

Mdogo wako,
Ramla