Korongo wa Bonde la Saio

Bunia

Yaya Néhémie,

Siye tuko wazima. Uliniuliza fasi ya kutazama ndege huku kwetu. Ile nzuri kupita zote iko bonde la maji nyuma ya mtaa wa Saio. Asubuhi korongo wenye taji ya zahabu wanatembea mule polepole kama wageni wa arusi.

Mama naye iko huku. Alikataza nikuandikie habari hii, lakini nyumba yetu ya kijiji iliunguzwa, akakimbia na watoto wa jirani. Kwenye kambi ya wakimbizi walimupa fasi ya kufunga bashi, ile turubai ya kulala chini yake, pale bondeni. Wanaume walipoanza kukata majani, waliona korongo mumoja analalia mayai. Mama akasimama mbele yao.

“Mimi nilikimbia na watoto mukononi,” akasema. “Huyu hawezi kubeba mayai yake. Mumuache.”

Akahamisha bashi yake juu kwenye mawe, fasi ya upepo. Wengine wakamufuata.

Jana vifaranga viwili vilitoka. Mama aliita watu wote wa kambi kuja kutazama, na nikamusikia anacheka. Tangu afike, alikuwa hajacheka.

Mudogo wako anayekungoja,
Chancelle