Ndambiri Ameacha Pombe

Kanja, Alhamisi

Shemeji Antony,

Salamu kutoka kwetu. Huku mvua imenyesha na kahawa imechanua vizuri. Mwalimu Kanini anakuja huko Nchiru leo, nami nimempa barua hii kwa sababu kwenye simu ndugu yako Ndambiri angenisikia.

Mume wangu amebadilika. Ameacha pombe, anaamka mapema kukama, na Jumapili anafika kanisani kabla ya mchungaji. Amewaomba msamaha majirani aliogombana nao. Watu wananipongeza.

Lakini pia ananifundisha kupogoa kahawa, akisema, "Siku moja utafanya kazi hii peke yako." Koti lake la harusi amempa Njeru, jirani yetu. Tangu hapo sipati usingizi.

Leo asubuhi, tukiwa shambani, nilimwuliza wazi, "Baba Nelius, unataka kujiua?"

Hakukasirika. Aliweka makasi chini akasema, "Nilikuwa nangoja mtu aniulize."

Kesho nampeleka kwa daktari mjini Embu. Mpaka wakati huo simwachi. Hata akienda zizini namfuata. Anakutaja wewe kila mara. Ukimaliza kusoma, funga duka uje.

Ni mimi shemeji yako,
Ruguru