Ulicholehemu Ndani ya Gitaa Langu

Kaka Khisa,

Siku tatu nimekuwa nikijiuliza kama nikuandikie au niende kanisani nikapige kelele. Nimeona heri nikuandikie, maana kanisani wataniuliza kuna nini, nami sitaki kuulizwa. Tangu tukuzike nyumbani Bungoma ni miezi mitano, na yote hiyo nilikuwa nalia tu. Sasa silii. Nimekasirika, Khisa.

Wacha nikueleze vile ilianza. Baada ya mazishi nilirudia gitaa langu, nikawa nalipiga kila jioni nikitoka kazini, hapa hapa mlangoni kwetu Shauri Moyo, kwa sababu lilinikumbusha wewe. Jeki ikaanza kulegea, ule mdomo tunamochomeka waya wa ampu, kile kipaza sauti. Nikawa naikaza nati yake kwa koleo kutoka nje. Hukuwahi kunifundisha kwamba usiposhika jeki kwa ndani, yote inazunguka na nyaya zinajisokota. Wiki jana zikakatika. Nikalibeba hadi sokoni Gikomba kwa Kamau, yule fundi wa redio.

Kamau alinimwagia jeki tatu mezani. Ya kwanza ya plastiki, akasema hiyo haifiki Krismasi. Ya pili ilikuwa na miguu mitatu, ya hedifoni, akairudisha kwenye kopo. Ya tatu ni chuma kitupu, ina ulimi mnene ambao ukichomeka waya unausikia ukishika. Nikachukua hiyo. Nikamwambia asinifanyie, anionyeshe tu, maana aliyekuwa ananifanyia hayupo tena. Nilisema hivyo kwa huzuni kabisa, unaona ujinga wangu.

Nikafungua kibamba kinachoshika jeki, nikaivuta ile ya zamani. Katikati ya miguu yake miwili kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya mchele, kina mistari ya rangi, kimelehemiwa huku na huku halafu kikafungwa plasta. Plasta ya kidonda, Kaka. Ile uliyokuwa unabeba kutoka kwenye sanduku la dawa kiwandani kwenu, eti tepu ya umeme huachia. Nairobi nzima sijaona mtu mwingine anayefunga waya kwa plasta ya kidonda.

Kamau akainama, akaangalia, akaniuliza, "Dada, nani alikuwekea breki?" Akanieleza kwamba hiyo ni rezista, na imewekwa mahali ambapo inakula sauti kabla haijafika kwenye waya. Nikamwambia labda ni ya kuzuia ule mvumo wa ampu. Nilikutetea! Akatikisa kichwa, akanipa mkasi.

Nikaikata. Nikalehemu waya wa katikati kwenye mguu wa ulimi, na ule wa nje kwenye mguu wa pili. Mara ya kwanza risasi ya kulehemu ilikaa kama tope, akanirudisha nianze upya. Nikashika jeki kwa ndani, nikakaza nati. Nikachomeka waya, nikapiga ile solo ya pambio letu la kutoa sadaka. "Ngai!" akasema Kamau, akimwita Mungu kwa Kikuyu. Wauza mitumba wakageuka. Mama mmoja akaacha sweta mkononi akaanza kucheza. Nilikuwa najua kupiga, Khisa. Miaka yote hiyo nilikuwa najua.

Nilirudi nyumbani mbio nikafungua gitaa lako. Nilikuwa bado naomba Mungu niikute na huko, niseme basi, ndivyo ulivyokuwa unafanya kazi. Plasta ipo. Rezista haipo.

Hapo ndipo nikakumbuka. Ulininunulia gitaa hilo mwenyewe, kwa pesa za ovataimu, ukasema, "Shika, sasa tuko wawili." Jumapili ya tatu kanisani kina mama walipiga vigelegele kwa solo yangu, si yako. Ulicheka na wewe. Wiki ile ile ukalichukua ulipunguze kelele kidogo, likarudi linaongea kama mtu aliyejifunika blanketi. Nikakuuliza. Ukasema, "Ni vidole vyako, Nekesa. Ni laini. Bonyeza." Nikabonyeza mpaka nikatoka damu, na wewe ukanifunga vidole. Kwa plasta ile ile! Haki ya Mungu, ulinishika mkono ukanifunga, ukanipuliza.

Halafu kile kikundi cha muziki kikaja kutafuta mpiga gitaa wa kurekodi kanda. Tulipiga sote wawili, kiongozi wao akasema, "Huyu dada hasikiki." Wakakuchukua. Ukaninunulia chipsi, ukaniambia nisikate tamaa. Nilikata. Miaka sita nimeshona kola za mashati nikijua kwamba mimi nilijaribiwa nikashindwa.

Ungeniambia tu. Ungesema, "Nekesa, mimi ndiye mkubwa, kaa nyuma kidogo," ningekaa. Nilikupenda hivyo. Ningekaa nyuma na ningekuimbia. Lakini wewe ulitaka nikae nyuma na bado nikushukuru.

Mama bado anawaambia wageni vile ulivyonifundisha gitaa kwa uvumilivu. Juzi alikuwa anasimulia hapa nyumbani huku anamenya viazi, na mimi nimesimama hapo na rezista yako mfukoni. Nikachukua kisu nikamsaidia kumenya. Hilo nakuahidi, Khisa, kutoka kwangu hatalisikia. Amekuzika mara moja, inatosha.

Kikundi chako hakijapata mtu wa kushika nafasi yako. Jumamosi wanajaribu watu kwenye ukumbi wa kanisa kule mtaa wa Tena, na jina langu nimeshaandikisha. Vidole vyangu vimekuwa vizito kwa cherehani, na kiongozi wao ni yule yule. Naogopa, sikufichi.

Lala salama, Kaka. Sijakusamehe, na sitakudanganya kwamba niko karibu. Lakini Jumamosi nitaenda. Wakinikataa, watakuwa wamenisikia.

Mdogo wako,
Nekesa